Valvu ya EGR: jua kwanza imekwama wazi au imekwama imefungwa

Msimu wa karafuu uliopita dereva wa Hiace ya dizeli, anayepakia abiria kati ya Konde na Chake, alisimamisha gari mbele ya gereji yangu. "Ami," akaniambia, "kwenye kilima haina pumzi, nyuma moshi mweusi mtindo mmoja, na hii valvu ya EGR nimeshabadilisha." Valvu aliiagiza Dar, iliyotumika, ikaja na boti mpaka Mkoani. Siku nne gari imelala, pesa imetoka, na ugonjwa uko palepale. Nilimwambia kijana wangu akanyage mafuta huku mimi nimelala chini na tochi. Mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo, yaani turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ulikuwa umechanika upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole, unaofunuka pale tu tabo inaposukuma hewa. Injini ikitulia mpasuko unajifunga na huuoni. Valvu yake ya zamani ilikuwa nzima.

Hapa Pemba spea ya kukosea inakula nauli ya boti, inakula siku za kazi, na aghalabu muuzaji hairudishi. Kwa hiyo nitaandika namna ninavyoitafuta hitilafu hii hatua kwa hatua, kwa ajili ya dereva mwenye gari na kwa fundi kijana anayeanza.

EGR ni kifupi cha Kiingereza. Maana yake ni kurudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya injini. Inaonekana kama jambo la ajabu, lakini lina sababu. Moto wa ndani ya silinda ukipita kama nyuzi 1,400 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni za hewa huungana kwa wingi na kuwa gesi inayochoma mapafu. Moshi uliokwisha kuungua una oksijeni chache, basi ukichanganywa kidogo na hewa mpya unaupoza ule moto. Valvu ndiyo mlango wa kupitishia moshi huo. Kwenye injini ya petroli mlango huwa umefungwa gari ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, na hufungwa tena ukikanyaga mafuta mpaka chini. Unafunguka katikati, gari ikiwa imeshapata moto na inakwenda mwendo wa kawaida. Kwenye dizeli mlango unaweza kufunguka hata gari ikiwa sailensi, tena kwa kiasi kikubwa. Tofauti hiyo ishike vizuri, kwa sababu dalili zinatokana nayo.

Imekwama wazi

Hii ndiyo inayowatesa watu wengi. Gari ya petroli inatetemeka sailensi, inazima ukisimama kwenye mataa au ukipunguza mwendo kukata kona, halafu ukiwa barabarani mwendo wa kilomita 60 inakuwa nzima kabisa. Sababu ni kwamba sailensi injini inavuta hewa kidogo tu, na sehemu kubwa ya hewa hiyo sasa ni moshi. Ukikanyaga, hewa mpya inaingia nyingi na moshi unakuwa si kitu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, hali ni mbaya zaidi.

Dizeli haizimi kirahisi. Yenyewe inakosa nguvu. Ukiwa na abiria kamili na magunia juu ya bodi, ukaanza kupanda vilima vya njia ya Mkoani, unakanyaga na gari inafikiri kwanza. Moshi mweusi unatoka mzito unapokanyaga, kisha unapungua. Mafuta yanaliwa zaidi. Sababu ni ileile: nafasi ya hewa safi imeshikwa na moshi, dizeli inamwagwa kwa kipimo kilekile, na isiyopata oksijeni inatoka masizi.

Imekwama imefungwa

Dizeli iliyokwama hivi, dereva mara nyingi hahisi kitu. Pengine injini inagonga kwa sauti kavu kidogo, na taa ya injini inawaka. Ndiyo maana wengi husema gari imekuwa nzuri zaidi baada ya kuzibwa EGR, nitarudi hapo. Petroli ndiyo ya kuangaliwa. Moto wa silinda unapanda, na ukiwa unakwenda mwendo wa wastani huku umekanyaga kidogo tu, unasikia mlio mwembamba kama kokoto ndani ya kopo. Mlio huo ukiachiwa miezi, pistoni zinaumia.

Kabla ya kufungua nati yoyote

Muulize dereva dalili inakuja wakati gani: sailensi, kwenye mlima, injini baridi au ya moto. Majibu hayo matatu yanakata njia nusu. Kisha fungua boneti, angalia filta ya hewa, fuata mipira yote ya hewa na ya vakyumu (mvuto wa hewa unaoendesha baadhi ya valvu) kwa mkono, hasa upande usioonekana. Hiace niliyoitaja juu ingepona kwa hatua hii pekee.

Halafu soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi. P0401 inasema moshi unaorudi ni mchache kuliko ulioamriwa: valvu imekwama imefungwa au njia yake imeziba. P0402 ni kinyume chake, moshi umezidi. P0403 inahusu waya za kuiendesha valvu. P0404 inasema valvu haifiki mahali ilipoamriwa. P0405 na P0406 ni sensa ya kupima mlango ulivyofunguka, ya kwanza alama yake iko chini mno, ya pili iko juu mno. P0400 yenyewe ni ya jumla, haikuelekezi popote zaidi ya kukwambia utafute. Gari zetu nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani, na kile kidude cha bei nafuu cha kuchomeka na kusoma kwa simu mara nyingine kinagoma kuzungumza nazo, ijapokuwa soketi ya pini 16 ni ileile. Kikigoma, usiseme gari haina kodi. Tafuta mashine nyingine.

Kodi inakuonesha mtaa. Nyumba unaitafuta kwa kuangalia namba injini ikiwa inawaka. Mashine nzuri itakuonesha asilimia ambayo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeamuru valvu ifunguke, na pembeni yake kosa la EGR, yaani tofauti kati ya amri na hali halisi. Amri ikiwa 0 na kosa limeganda kwenye asilimia 99.2, valvu imeambiwa ifunge nayo iko wazi. Hiyo namba ndiyo inayowekwa na kanuni ya mfumo pale hali hiyo inapotokea.

Kama gari haioneshi namba hizo, kuna njia ninayoipenda zaidi kwa dizeli, nayo ni kuangalia sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Piga hesabu. Injini ya lita 2.5 yenye mipigo minne inavuta lita 1.25 kila mzunguko mmoja. Kwa mizunguko 750 kwa dakika ni kama lita 15 na nusu kwa sekunde. Kwa hewa ya joto letu, ukiondoa kwamba silinda hazijai kabisa, unatarajia kama gramu 13 hadi 16 za hewa safi kwa sekunde valvu ikiwa imefungwa. Sasa chomoa mpira wa vakyumu wa valvu uuzibe, au chomoa soketi yake kama ni ya umeme. Gramu zikipanda ghafla, mathalani kutoka 8 kwenda 14, valvu ilikuwa wazi na imefunga sawasawa. Zikibaki 8, kuna moshi unaingia hata baada ya kuamriwa kufunga. Lakini kabla ya kuhukumu hakikisha sensa yenyewe ni safi, maana sensa yenye vumbi husoma vibaya na itakudanganya.

Kwa petroli angalia presha ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Injini nzima, ya moto, sailensi, huwa kati ya kilopaskali 30 na 40. Valvu iliyo wazi inaipandisha. Mpira wa vakyumu uliochanika nao unaweza kuipandisha, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kinachotofautisha ni marekebisho ya mafuta, yaani namba inayoonesha kontroli boksi inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani. Kwenye gari yenye sensa ya kupima hewa, mpira uliochanika unaingiza hewa mpya isiyohesabiwa, kwa hiyo kontroli boksi inaongeza mafuta sana sailensi, halafu marekebisho yanatulia ukipandisha mizunguko mpaka 2,500. Moshi wa EGR hauna oksijeni ya kutosha kuleta mabadiliko hayo. Ukiona gari inatetemeka na marekebisho ya mafuta hayajapanda, ielekee EGR.

Kuipima valvu yenyewe

Valvu za zamani zinavutwa kwa vakyumu. Chomoa mpira wake, weka pampu ya mkono, vuta mpaka inchi 15 au 20 za zebaki. Shina liende, sindano ya pampu ibaki imesimama. Sindano ikirudi yenyewe, kiwambo cha ndani kimetoboka. Ukiachia, shina lirudi mara moja bila kusitasita. Kwenye petroli fanya jaribio hilo injini ikiwa sailensi: valvu ikifunguka, injini lazima ianze kukohoa au izime. Shina likienda na injini isijali, valvu ni nzima na njia za moshi ndizo zilizoziba. Kubadilisha valvu hapo ni kutupa pesa.

Pima pia kama vakyumu inafika. Mara kadhaa nimekuta valvu mbili ndogo za umeme zinazoipelekea vakyumu zimefungwa mipira kinyume na mtu aliyetangulia. Weka alama kwa utepe kabla hujachomoa chochote.

Valvu za umeme zina mota ndani, na nyingi zina waya tano: mbili za mota, tatu za sensa. Washa swichi bila kuwasha injini, pima soketi kwa multimita: waya mmoja wa sensa uwe na volti 5, mwingine uwe hasi (ethi), na wa tatu, soketi ikiwa imechomekwa, uoneshe kama volti 0.5 hadi 1.2 valvu ikiwa imefungwa, ukipanda taratibu kuelekea 4.5 inapofunguka. Ikiwa volti 5 hazipo, usiiguse valvu, fuata waya.

Na waya za kwetu zina adui wake. Gari iliyopakia samaki kutoka Tumbe miaka miwili, maji ya barafu na chumvi yakidondoka kila siku, ukichomoa soketi unaona pini zimeota unga wa kijani. Pini moja niliigusa kwa bisibisi ikakatika kama kijiti kikavu. Gari ile ilikuwa inatoa P0405 mvua ikinyesha tu na kunyamaza jua likitoka. Tulikata soketi, tukafunga nyingine, tukaipaka grisi ya umeme. Valvu haikuguswa.

Maji yanapungua na huoni yanakokwenda

Dizeli nyingi zina kipoza cha EGR, kijisanduku chenye maji ya rejeta yanayoupoza moshi kabla haujarudi. Kikitoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye njia ya moshi. Unaongeza maji kila baada ya siku mbili, chini hakuna tone, asubuhi moshi ni mweupe. Fundi mwenye haraka atasema gasketi ya silinda hedi, na atafungua injini yote. Kabla hajafungua, ng'oa valvu uchungulie. Masizi makavu, meusi, ni ya kawaida. Ukikuta unyevu, au tope la masizi, au ukuta umeoshwa ukawa safi na alama nyeupe za maji yaliyokauka, kipoza ndicho. Thibitisha injini ikiwa baridi kwa pampu ya kupimia rejeta, ukienda mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, uache robo saa. Gari ya namna hii usiendelee kuitembeza. Maji yakijaa ndani ya silinda gari ikiwa imelala, siku ya kuwasha yanapinda konekting rodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Zinazofanana nayo

Gari ikipanda na kushuka mizunguko yenyewe sailensi, au ikizima ghafla, kwenye Toyota za dizeli za D-4D chunguza pia valvu ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu. Hiyo utaijua kwa presha ya reli, yaani bomba linalogawa dizeli kwa nozeli: inachezacheza isivyo kawaida, wakati kwa ugonjwa wa EGR presha inatulia na hewa ndiyo inayoyumba. Nozeli zinazovuja zinatoa moshi mweusi pia, lakini kwa kawaida silinda moja inagonga peke yake.

Kuna jaribio moja la kumaliza ubishi. Kata kipande cha bati la chuma kwa mfano wa gasketi, bila tundu la kati, ukifunge kati ya valvu na bomba lake, uendeshe njia ileile inayoleta ugonjwa. Ugonjwa ukiondoka, mkosaji ni EGR. Ukibaki, iache EGR. Usitumie kopo la soda. Linaungua na vipande vinavutwa ndani ya injini. Na jaribio likiisha, kitoe. Najua gereji nyingi zinakiacha humo na mteja anaondoka anafurahi. Lakini taa ya injini itawaka, na ikishawaka muda wote hutaijua siku itakapowaka kwa jambo jingine. Petroli itaanza ule mlio wa kokoto. Na ile gesi inayochoma mapafu inavutwa na watoto wanaosubiri gari nje ya skuli.

Kusafisha

Subiri injini ipoe, vaa barakoa na glavu, kwa sababu masizi haya si vumbi la kuvuta. Gasketi mpya iwe tayari mkononi. Gandamano la masizi na oili linakuwa gumu kama lami iliyokauka; likwangue kwa kijiti cha mti au bisibisi ya plastiki, pulizia dawa ya kusafishia kabureta, acha dakika kumi, piga brashi, rudia. Valvu ya umeme ielekeze mdomo chini ili dawa isiingie kwenye mota, na usilisukume shina kwa nguvu, gia zake aghalabu ni za plastiki. Magadi ya kuzibulia mabomba yasikaribie kabisa, yanakula aluminiamu.

Usiishie kwenye valvu. Ingiza tochi ndani ya manifoldi. Nimewahi kufungua moja ambayo tundu lake la kupitisha hewa, lililopaswa kuingia vidole vitatu, halikuingiza hata kidole kimoja. Valvu mpya ingefanya nini hapo? Manifoldi ile tuliing'oa, tukaishughulikia siku nzima, na valvu ya zamani ikarudi mahali pake.

Masizi yanatoka wapi

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa mteja. Ukisafisha usitafute chanzo, baada ya miezi unarudi. Chanzo ninachokikuta sana kwetu ni thamostati iliyotolewa, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi fulani, kwa kuogopa joto, aliitoa ili gari "ipoe vizuri". Injini inayotakiwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90 inazunguka kwenye 60, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanazidi na yanaganda kwenye kuta zilizo baridi. Angalia joto kwenye mashine baada ya kuendesha nusu saa. Likiwa chini hivyo, nunua thamostati kabla ya kitu kingine. Chanzo cha pili ni kusimama stendi saa nzima gari inanguruma, dereva anasubiri abiria wajae. Kisha nozeli zilizochoka, sili za tabo zinazovujisha oili, na filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu.

Ukimaliza kufunga, futa kodi, washa gari mpaka ipate moto, sikiliza kiungo cha bomba la EGR kama kinapuliza, maana moshi unaovuja hapo huingia ndani kwa abiria. Kisha endesha ukiwa na mzigo halisi. Mimi hutoka Chake kuelekea Mkoani mpaka kilima cha tatu, mtu mmoja akisoma gramu za hewa, na kurudi. Dereva namwambia anirudishie gari baada ya wiki mbili nichungulie tena kwa tochi. Masizi makavu membamba kama vumbi la mkaa, aende zake. Yakiwa yameshaanza kunata kwa oili, tunafungua bomba la tabo siku hiyohiyo.